Kwa nini fundi anataka koo na si ubao

Kwako rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote. Unauliza kwa nini fundi wa skimu yenu anang'ang'ania kipimo cha Parshall, yaani mfereji mfupi wa kupimia maji unaobanwa katikati (hapo ndipo koo), wakati ubao wenye pengo ungetosha. Asili yake ni ugomvi wa maji huko Colorado, Marekani. Mwaka 1874, kiangazi, mto Cache la Poudre haukuwafikia wakulima wa Greeley, waliokuwa wametangulia tangu 1870. Maji yalikuwa yakichepushwa juu, Fort Collins, na watu waliokuja nyuma yao. Katiba ya 1876 ikatamka kuwa aliyetangulia kutumia maji ndiye wa kwanza kupewa. Sawa, lakini apewe kiasi gani?

Walikuwa na kipimo walichorithi kwa wachimba dhahabu: maji yapitayo kwenye tundu la inchi moja ya mraba. Kasoro yake ni kwamba maji yakijaa zaidi nyuma ya tundu, hutoka kwa nguvu zaidi. Mjanja alipandisha kina tu, tundu lisiguswe. Tena "inchi" yenyewe haikuwa moja: Colorado inchi 38.4 za namna hiyo hufanya futi moja ya ujazo kwa sekunde, yaani lita 28 hivi. Idaho zinatakiwa 50.

Kisha kikaja kizingiti cha Mwitaliano Cipolletti, ubao wenye pengo ambalo pande zake zimelala 1 kwenda nje kwa kila 4 kwenda juu. Ni kipimo kizuri, ila maji yatulie nyuma yake, na mbele yaanguke huru. Mito ya nchi kavu hubeba tope. Tope likijaa nyuma ya kizingiti, maji hufika yakikimbia, na rula ya kupimia kina inasoma pungufu kuliko yanayopita. Wa juu anafaidi, wa chini analia.

Ralph Parshall, mhandisi wa Fort Collins, alishughulikia hilo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alichukua mfereji wa kubana maji uliokuwapo, akaitumbukiza sakafu ya kooni. Maji yanaongeza kasi na tope linapita nayo.

Kwa koo la futi moja (sentimita 30.5), sakafu ya kuingilia iwe sawa kabisa kwa pima maji, urefu na upana. Kooni inashuka sentimita 23 katika urefu wa 61, kisha inapanda 15 katika 91. Kuta zinazobana zina urefu wa sentimita 137, na rula inakaa theluthi mbili ya urefu huo kutoka kwenye ukingo wa koo (pale sakafu inapoanza kushuka) kurudi upande maji yanakotoka, yaani 91. Wengi huipachika kooni kwenyewe, na hapo jedwali la kugeuza kina kuwa lita halifai tena. Sifuri ya rula iwe usawa wa sakafu ya ukingo, si chini ya mfereji. Ikisoma sentimita 15, yanapita kama lita 38 kwa sekunde. Ikisoma 30, kama lita 110. Kina mara mbili, maji karibu mara tatu! Kwa hiyo ukikosea sentimita moja kwenye 15, umepotea asilimia 10.

La kuogopa zaidi ni maji kurudi nyuma. Kina cha maji mwishoni mwa koo, nacho kikipimwa kutoka usawa wa ukingo, kikizidi asilimia 70 ya kile cha rula ya juu, jedwali linadanganya: yanayopita ni machache kuliko linavyosema. Majani yakiota mfereji wa chini, au mtu akifunga lango mbele, hilo hutokea bila dalili ya kuonekana kwa macho. Dawa ni kuinua sakafu tangu mwanzo.

Mbao za kumwagia zege nazo hutuna. Koo likipungua sentimita moja, asilimia 3 ya maji imepotea kwenye hesabu. Lipimeni baada ya zege kukauka, juu na chini. Na ukuta wa mwanzo ushuke ardhini, udongo ushindiliwe, maji yasipenye chini ya sakafu.

Nipimie kina cha mfereji upande wa chini siku maji yamejaa, uniandikie. Tupige hesabu ya kimo cha sakafu kabla fundi hajaanza kuchimba.

Wako,
Salum