Sade ni bendi, si mwimbaji peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala ya hivi karibuni katika ukurasa wenu wa burudani ilimsifu Sade Adu kwa sauti yake na uzuri wake, sifa ambazo sina ugomvi nazo hata kidogo, lakini ilimweleza toka mwanzo hadi mwisho kama msanii wa kujitegemea anayepigiwa muziki na watu wa kukodiwa. Sivyo ilivyo. Sade ni jina la bendi, na mama huyu ndiye kiongozi wake.

Alizaliwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1959, akalelewa Essex, Uingereza, kisha akasomea ubunifu wa mitindo katika chuo cha Saint Martin's, London. Muziki aliuanzia katika kundi la Pride, akiwa mwitikiaji, na humo ndimo alimokutana na Stuart Matthewman, mpiga saksafoni na gitaa, pamoja na Paul Denman wa gitaa la besi. Kampuni za rekodi zilipomtaka yeye tu alisitasita, na hatimaye alipotia saini na Epic alihakikisha kwamba wawili hao na mpiga kinanda Andrew Hale wanaingia pamoja naye. Watu hao wanne ndio waliotoa albamu zote sita, kuanzia Diamond Life ya 1984 hadi Soldier of Love ya 2010.

Anayedhani wenzake ni wasindikizaji tu na ausikilize tena wimbo wa No Ordinary Love, ambao Adu aliutunga na Matthewman: sauti ya mwimbaji imetulia, karibu ya kunong'ona, huku gitaa likinguruma kwa mbali na besi ikirudia njia ileile bila haraka, kiasi kwamba ukiondoa kimoja kati ya hivyo huzuni ya wimbo inapotea. Utulivu huo ambao watangazaji wetu wa vipindi vya usiku wanaupenda mno ni kazi ya watu waliozoeana kwa miaka mingi, wanaojua wakati wa kunyamaza. Hata waandaaji wa tuzo za Grammy walilitambua jambo hili, kwani mbili kati ya nne walizowapa, za 1994 na 2011, zilikuwa za kipengele cha kundi.

Wakati wa ukimya uliofuata albamu ya 1992, wenzake watatu walitoa albamu yao mwaka 1996 kwa jina la Sweetback, bila yeye, kisha wote wakarudi pamoja kurekodi Lovers Rock ya 2000. Ni viongozi wachache wa bendi, popote pale, wanaoweza kuwapa wenzao nafasi hiyo na bado wakabaki nao.

Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, bendi hii ilipiga jukwaa moja na Queen ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Sijapata kusoma gazeti lolote likidai kwamba Queen ilikuwa Mercury peke yake, na sioni kwa nini Matthewman, Hale na Denman wanyimwe haki hiyo. Naomba mtakapoandika tena habari za Sade muwataje kwa majina.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Tanga