Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Surat, Gujarat, India

Mheshimiwa,

Nauza vitambaa Kariakoo, Dar es Salaam. Mzigo wangu hutoka wilayani kwako, na watoto wangu wamesomeshwa na majora ya Surat. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Safari iliyopita, fundi mmoja wa mitambo ya kufuma alinipeleka anapolala, chumba kimoja upande wa Ved Road. Ilikuwa asubuhi, ametoka zamu ya usiku, saa 12 mfululizo kasimama. Aliongea kwa kupaza sauti, kwani kelele za mitambo zimeshamharibu masikio. Godoro aliloliendea lilikuwa bado na joto la mwenzake aliyeamka kuwahi zamu ya mchana. Ukutani, usawa wa mto, amebandika picha ya binti yake. Binti yuko Ganjam, jimbo la Odisha, mashariki mwa India, zaidi ya kilomita 1,000 kwa treni. Nilipomuuliza mbona hamleti, alinionyesha tu magodoro mengine yaliyopangwa sakafuni.

Sensa ya 2011 iliikuta wilaya yako na watu zaidi ya milioni 6, ongezeko la asilimia 42 kwa miaka 10. Kwa kila wanaume 1,000, wanawake 787. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kuchagua watoto wa kiume, na sikatai kwamba hilo lipo. Lakini wengi ni hawa, waume waliokuja peke yao kwa kukosa pa kumweka mke. Korona ilipofunga viwanda, Aprili 2020, waliingia barabarani wakidai warudishwe kwao. Miaka yote hiyo wamefuma, na Surat bado si kwao!

Sensa ijayo ni 2027. Makarani wako wasiishie mlangoni. Waulize godoro moja linalaza wangapi. Kisha zijengwe nyumba za kupanga za familia karibu na viwanda, kwa kodi ambayo mtu anayelipwa kwa mita ataimudu. Manispaa tayari ina shule za Kiodia, lugha ya watu wa Odisha. Kinachokosekana ni paa la kumlaza mtoto wa kwenda huko.

Uwezo upo. Mwaka 1994 watu waliikimbia Surat kwa tauni. Kwenye mashindano ya usafi ya 2023 iliongoza India nzima pamoja na Indore.

Nitarudi kuchukua mzigo. Nimemwahidi yule fundi kanga ya bintiye, na ningependa nimkabidhi binti mwenyewe, hapo hapo Surat.

Wako kwa heshima,
Mfanyabiashara wa Kariakoo