Kwa mdogo wangu, mwenye picha ya Audrey saluni

Mdogo wangu,

Hongera ya saluni. Nimeiona kwa picha alizonitumia shangazi, maana wewe namba yangu umeifunga. Ukutani umemtundika Audrey Hepburn, yule mwigizaji wa sinema, na gauni lake jeusi lililobuniwa na Givenchy, lulu shingoni. Umechagua vizuri, jicho la urembo unalo tangu utotoni. Ila kati yetu wawili, mwenye haki ya kumtundika huyo mama ni mimi.

Wewe umependa gauni. Huyo alizaliwa Ubelgiji mwaka 1929, na alipofika miaka 6 baba yake akaondoka nyumbani. Hadithi hiyo unaijua, usijifanye. Vita vikamkuta Uholanzi na mama yake. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walizuia chakula, watu wakala mpaka vitunguu vya maua ya tulipu. Binti akadhoofu, damu ikapungua, baba hayupo.

Sasa sikiliza. Alipokwisha kupata Oscar, tuzo kubwa ya sinema, na jina limeenea dunia nzima, alimtafuta mzee huyo kupitia Msalaba Mwekundu, akampata Dublin. Mzee alimpokea kwa ubaridi. Hata hivyo binti akamtunza kwa fedha zake mpaka mzee alipokufa.

Mimi nimefanya lipi la ajabu kuliko hilo? Hela ya dawa za baba nilituma kimyakimya kwa sababu nilijua utasema. Na ukasema. Siku ya arobaini, tumekaa jamvini, sinia la pilau liko kati, ukasimama na kanga yako ukaniambia mbele ya watu: "Haya, baba umeshamnunua. Risiti iko wapi?" Mama alikuwa na tonge mkononi. Halikufika mdomoni, wali ukamdondokea mapajani, naye hakuupangusa. Mengi yako nimeyasamehe, hata ile cherehani. Hilo bado.

Soma maisha ya mtu kabla ya kumpigilia msumari ukutani. Septemba 1992 mama huyo alikuwa Somalia, Kismayu na Baidoa, kwa niaba ya UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, akiinama kwa watoto wa njaa. Miezi minne baadaye saratani ikamwua, nyumbani kwake Tolochenaz, Uswisi, na miaka 63 tu. Mtu aliyeijua njaa hakuulizia nani anastahili kula. Nami sikuuliza. Kumnunulia mzee dawa si kumsahau mama. Mama alilala na njaa kwa ajili yetu, nilimwona kwa macho yangu, wewe ukiwa mgongoni kwake. Mimi nilimkuta baba anacheka, akinibeba begani kwenda sokoni. Wewe hukumkuta. Hilo nalo ni kosa langu?

Fungu lako la nyumba ya baba liko kwa shangazi, sijaligusa. Na kile kioo cha kushoto kimekaa upande, mwite fundi akinyooshe kabla wateja hawajaanza kuinamisha shingo.

Dada yako