Ustaarabu, uungwana na yale mabishano yetu

Wete, Jumapili usiku

Shoga angu,

Asalam aleikum. Voisi yako ya dakika nane nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nlikuwa jikoni napaa samaki na ya pili nshalala, na bado nnakataa. Eti sisi watu wa visiwani ustaarabu tumeletewa na majahazi, kabla ya hapo hapakuwa na kitu, wala serikali, ila mikoko na kaa! Nani kakwambia? Nimeona nikuandikie kabisa mana mie kwenye voisi nkianza kusema nnapotea.

Kwanza hilo neno lenyewe litazame. Ustaarabu, Mwarabu yumo mle mle ndani, aliestaarabika ndo aliekuwa kama Mwarabu, kwa hivo ukishalitumia ushashindwa hujafungua mdomo, jawabu limo ndani ya suali. Wazee walikuwa na neno jengine, uungwana, na hapo nlidhani nshakupata, nikafurahi peke yangu kama saa nzima hivi, hadi nikakumbuka kinyume cha muungwana ni mtumwa. Basi na letu lina ukuta wake, yupo aliekaa barazani na yupo anoteka maji.

Haya. Kule pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, wachimbaji wamekuta mawe ya kukatia na mifupa ya nyama walowindwa, mambo ya miaka kama 20,000 nyuma, na punda milia wamo! Punda milia Unguja! Bahari wakati ule ilikuwa iko chini, Unguja imeungana na bara, watu wanakwenda kwa miguu bila tiketi ya boti. Sasa hao walishuka jahazi gani? Kisha njoo karne ya 7, ya 8, Unguja Ukuu na huku kwetu Pemba, Tumbe, watu wana nyumba zao za miti na udongo, wanavua, wanafinyanga, na Tumbe vimekutwa vigae chungu nzima vya kusagia shanga za makombe, na vyombo vya kutoka Ghuba ya Uajemi vimo humo humo vimechanganyika na vyungu vyao. Wageni walikuja sikatai, ila mtu hatweki tanga kwenda kuuza bidhaa pasipo na mtu.

Alafu hiyo serikali unayoisifu. Unajua maandishi ya mwanzo kule Iraq, miaka 5,000 na ushei, mengi yake hayakuwa mashairi wala dua? Vibao vya udongo tu, shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, pombe apewe nani. Daftari la duka! Nlicheka mana nlikumbuka daftari la mkopo la duka la hapa chini, na mie nimo. Mavuno yakizidi lazima awepo wa kuyahesabu, na huyo anohesabu ndo kesho anaetoza, keshokutwa ana askari. Akaja Hammurabi, mfalme wa Babeli huko huko Iraq, na sheria zake kwenye lile jiwe, siku hizi liko Paris, watu wanashangiria jicho kwa jicho lakini hawasomi mbele: ukimtoa jicho mkubwa mwenzio na lako litatolewa, ukimtoa mtu wa kawaida unalipa mina moja ya fedha, kama nusu kilo, unakwenda zako. Na Athens, wale Wagiriki wa kale wanaosifiwa kwa kura, mwanamke hapigi, mtumwa hapigi, na kuanzia 451 kabla ya Kristo, ili uwe raia lazima baba na mama wote wawili wawe wa hapo hapo. Weye na mie tungekuwa nje tunauza vitumbua.

Sasa la kwetu, na hili ndo lililonifanya nisilale. Mtambwe Mkuu, si hapa ng'ambo tu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vidogo vidogo, pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi, ule ukoo uliotawala Misri. Zile za fedha zina majina ya watawala wa huku huku pwani, upande mmoja jina, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zina vina! Karne ya 11 hiyo shoga, Mreno bado hajui hata njia. Hati imekuja kwa bahari, dini imekuja kwa bahari, sawa, lakini aliekaa akasema nataka pesa yangu, ina jina langu, na iwe na vina, alikuwa wa hapa.

Usidhani nnawapamba lakini. Pujini si unapajua, ngome ya Mkama Ndume ya karne ya 15, hilo jina tu linatosha, anaekama madume kama ng'ombe. Hadithi inasema aliwabebesha watu mawe huku wanajiburura kwa matako, na kisima chake kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane. Hapo na mie nakubali, serikali kamili ilikuwepo.

Ukija Sikukuu twende Mtambwe maji yakishatoka, tutavuka kwa miguu. Chukua viatu vibovu, lile tope linameza. Na jawabu lako andika, bando langu halistahamili voisi nyengine.

Nisalimie watoto.

Shoga yako