Miwani, kontakti au leza: yajue haya kabla hujaamua

Wateja wengi wa Dodoma, hasa vijana wa vyuo, huuliza: "Nikifanyiwa leza, miwani ndiyo basi?" Jibu liko kwenye konea yako (utando angavu wa mbele ya jicho), umri wako na, kwa hapa kwetu, vumbi.

Miwani haigusi jicho, na ikikosewa inarekebishwa. Mara nyingi namba huwa sahihi, ila kilichokosewa ni umbali kati ya mboni mbili. Kwa mtu wa namba −4.00 (asiyeona mbali vizuri), kitovu cha lenzi kikihama milimita 5 tu kutoka mbele ya mboni, macho huanza kuvutana na jioni kichwa kinauma. Usikubali kuambiwa "utazoea". Irudishe, vitovu vipimwe upya.

Lenzi za kubandika jichoni, yaani kontakti, zinawafaa sana wanamichezo. Shida ni kiangazi chetu: hewa kavu, upepo, vumbi. Lenzi laini hukauka jichoni, na punje ya mchanga ikinasa chini yake hukwaruza konea. Usizioshe kwa maji ya bomba wala ya kisima, hata yakionekana safi, kwani yanaweza kuwa na amiba anayeshambulia konea, na tiba yake huchukua miezi. Kila siku mwaga dawa yote ya jana ya kuhifadhia lenzi, umimine mpya. Kikopo cha lenzi badilisha kila miezi 3, na usilale nazo.

Sasa leza. Katika LASIK, upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni, daktari hufungua kifuniko chembamba cha konea, leza hunyoa sehemu ya chini yake, kisha kifuniko hurudishwa. Konea ina unene wa takriban maikroni 540, nusu milimita hivi. Kifuniko huchukua kama 100 hadi 120, na kila dayopta moja (kipimo cha namba ya miwani) hunyolewa maikroni 12 hadi 15. Chini yake lazima zibaki angalau 250, na wengi hutaka 300. Zikipungua, konea inaweza kulegea na kutuna kama pia, uoni ukaharibika kiasi ambacho miwani ya kawaida haitoshi. Ndiyo maana mwenye namba kubwa na konea nyembamba hukataliwa, na anakataliwa kwa faida yake. Kijana aliyezoea kufikicha macho kwa aleji ya vumbi asikubali leza bila kupigwa ramani ya konea.

PRK, aina nyingine ya leza, haina kifuniko, hivyo huokoa unene, lakini maumivu ni ya siku kadhaa na uoni hukawia kutulia. Kwa njia zote mbili macho hukauka kwa miezi ya mwanzo.

Anayefaa ametimiza miaka 18, namba haijahama zaidi ya 0.50 kwa mwaka mzima, si mjamzito wala hanyonyeshi. Aliyekaribia miaka 40 afikirie mara mbili: mwenye −2.50 akivua miwani husoma vizuri kwa sentimita 40. Akirekebishwa aone mbali, atanunua miwani ya kusomea, kwani kwa umri huo jicho huanza kushindwa kuona karibu.

Kabla ya vipimo vya leza, acha kontakti laini kwa wiki 2 na ngumu kwa wiki 4, maana hubadili umbo la konea. Nenda na karatasi za vipimo vya nyuma. Kama zimepotea, beba miwani ya zamani hata kama fremu imevunjika. Namba yake inasomwa kwenye lenzi.