Planktoni ya Ziwa Chala ihesabiwe kwa wavu, setilaiti haitoshi

Ndugu Mhariri,

Linapokuja suala la bahari na tabianchi, huku Moshi husemwa kwamba setilaiti zinatosha kufuatilia planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini. Hazitoshi. Setilaiti husoma rangi ya maji ya juu na kukadiria klorofili, rangi ya kijani ya mwani. Wingu likitanda haioni, na hata jua likiwaka haitofautishi aina moja ya kopepodi (vijidudu vya majini jamii ya kamba) na nyingine, wakati habari yenyewe imo kwenye aina. Bahari ya Kaskazini ilipopata joto, kopepodi Calanus finmarchicus walipungua, ndugu zao C. helgolandicus wakaongezeka. Hilo lilionekana kwa sababu tangu 1931 meli za kawaida hukokota chombo kilekile cha kunasa planktoni, chenye hariri ya matundu ya maikroni 270 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), mita chache chini ya maji.

Sisi tuna Ziwa Chala, pale Rombo. Upepo wa Juni hadi Septemba huchanganya maji na kupandisha virutubisho, diatomu (mwani wa chembe moja wenye ganda la silika) wakastawi, kisha wakafa na kuacha tabaka jeupe kwenye tope. Miaka ya La Nina, Bahari ya Pasifiki ya tropiki inapopoa na huku kwetu kukawa na upepo na ukame, tabaka huelekea kuwa nene; miaka ya El Nino, bahari hiyo inapopata joto, huwa jembamba. Yaani hali ya bahari imeandikwa chini ya ziwa la mlimani! Lakini anayetaka kusoma tope la kale sharti ajue diatomu walio hai leo wanafanya nini mwezi hadi mwezi.

Vyuo vyetu vinaweza. Kwa diatomu, chota lita moja kwa kina kilekile, tia iodini ya Lugol, dawa ya kuhifadhi sampuli, mpaka maji yawe na rangi ya chai hafifu, weka gizani. Kwa kopepodi, wavu wa maikroni 64 wenye mdomo wa sentimita 30 ukivutwa wima kutoka mita 20 huchuja kama lita 1,400, kwa hesabu ya karatasi.

Kwa hesabu ya karatasi, kwa sababu mwani ukiwa mwingi matundu huziba, maji hupita pembeni, na idadi inashuka siku ambayo ziwa limejaa viumbe. Mita ya mtiririko, kifaa cha kupima maji yanayopita, mdomoni mwa wavu ndiyo itakayoonyesha hitilafu hiyo. Wavu uvutwe taratibu, nusu mita kwa sekunde. Saa nayo isibadilike: kopepodi wengi hupanda usiku na kushuka mchana, kwa hiyo sampuli ya saa nne asubuhi hailinganishwi na ya magharibi. Wahifadhiwe kwa fomalini ya asilimia 4 iliyotiwa boraksi kuondoa asidi. Wavu ukichakaa, mpya utumike sambamba na wa zamani kwa mwaka mzima, la sivyo badiliko la wavu litasomwa kama badiliko la tabianchi.

Hadubini zipo. Kinachokosekana ni ratiba: kazi ianze kabla ya upepo wa Juni, na kipimo cha Desemba kisirukwe kwa sababu ya likizo.

Wasomaji wako,
Moshi