Malalamiko kuhusu maji "yasiyo na RNase" mliyotuuzia

Kwa Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAJI YENYE RNase YALIYOUZWA KWA KAZI ZA RNA

Nalalamikia chupa za maji mlizotuletea mwezi uliopita zikiwa na lebo inayosema hayana RNase, kimeng'enya kinachokata RNA, molekuli inayobeba nakala ya maelekezo ya jeni. Maji hayo yanayo. Nilipopiga simu ofisini kwenu nilijibiwa kwamba maji ni maji, niyapitishe kwenye otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto, yatafaa. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

RNase A, aina ya RNase inayojulikana zaidi, haimalizwi kwa kuchemshwa. Ina vifungo vinne vya salfa vinavyoshikilia umbo lake, haihitaji madini yoyote ili ifanye kazi, na ikipoa hujikunja upya ikaendelea kukata. Ndiyo sababu tunayalipia maji haya bei kubwa.

Sisi tunachunguza riboswichi ya jeni thiM ya bakteria E. coli. Ni kipande cha RNA kinachonasa TPP, umbo la vitamini B1 linalotumika ndani ya seli, kisha kikajikunja na kuizima jeni hiyo. Maabara ya Ronald Breaker, Chuo Kikuu cha Yale, ilionyesha mwaka 2002 kwamba RNA hufanya hivyo yenyewe, bila msaada wa protini. Njia yetu ni ileile yao: RNA huachwa kwenye mmumunyo wenye magnesiamu, pH 8.3, nyuzi 25 za Selsiasi, kwa takriban saa 40, ikatike yenyewe taratibu pale ilipolegea. Tukiweka TPP, baadhi ya sehemu hizo huacha kukatika, nasi tunajua RNA imejikaza wapi.

Sasa RNase ikikaa humo saa zote hizo, inakata baada ya C na U, mbili kati ya herufi nne za RNA, hasa palipolegea, yaani palepale tunapopatazama. Uchafu mwingi mtu huuona mara moja. Wenu ulikuwa mdogo kiasi cha kufanana na matokeo. Mwanafunzi wetu wa uzamili asingeng'ang'ania kwamba mistari karibu yote ya jeli, tunayotenganishia vipande vya RNA, imeangukia kwenye C na U, ungeingia kwenye tasnifu yake.

Tuliiweka RNA ileile kwenye maji yenu, kwenye maji yenu pamoja na protini inayozuia RNase, na kwenye maji tuliyoyasafisha wenyewe kwa DEPC, kemikali inayoharibu RNase. Ya kwanza ilisagika, mbili zilibaki nzima. Chupa tuliyoifungua siku hiyohiyo ilitoa jibu lilelile, kwa hiyo msiseme ni mikono yetu. Picha za jeli nimeambatanisha.

Namba ya toleo kwenye cheti nayo haifanani na ya kwenye chupa, na lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine. Kama mnayajaza maji upya kwenye chupa ghalani kwenu, semeni.

Naomba mrudishe fedha, mfidie kimeng'enya cha T7 tulichotumia kutengeneza RNA upya, na mtupatie cheti halisi. La haraka zaidi: wajulisheni leo wateja wote walionunua toleo hili. Maabara inayopima virusi vya RNA ikitumia maji haya, mgonjwa anaweza kuambiwa hana maambukizi ilhali anayo.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mtafiti, Maabara ya Baiolojia ya Molekuli